Maiko: parke ambamo Simba waliingia mbele ya Leta

Uwanja wa ndege wa Simi-Simi, upande wa magharibi wa Kisangani, leo ni wa jeshi. Abiria wanashukia Bangoka. Lakini kuna asubuhi moja ambayo Simi-Simi ilijulikana dunia nzima. Tarehe 24 Novemba 1964, kukianza kupambazuka, makomando karibu 320 wa Ubelgiji waliruka kwa miavuli kutoka ndege za jeshi la Marekani, wakaangukia juu ya uwanja ule. Kisangani, ile wakati ikiitwa Stanleyville, ilikuwa mikononi mwa waasi Simba tangu mwezi wa Agosti, na Wazungu zaidi ya elfu moja walikuwa wamezuiliwa mateka. Juu ya mateka hao vitabu vingi vimeandikwa. Wakongomani waliokufa mjini siku ile na wiki zilizofuata, mpaka leo hakuna hesabu yao inayoaminika.

Kuna swali lingine ambalo vitabu vinalipita mbio: Simba wenyewe walienda wapi? Wengine waliuawa, wengine walirudi vijijini na kunyamaza, wengine walikimbilia inchi jirani. Lakini sehemu moja walishika njia ya mashariki, wakaingia ndani ya pori la mto Maiko, na hawakutoka tena. Watoto walizaliwa mule, na wajukuu pia. Miaka sita nyuma ya vita ya Simi-Simi, Novemba 1970, rais Mobutu alisaini ordonansi ya kufanya pori lile kuwa Parke ya Taifa ya Maiko. Yaani Leta ilichora mipaka ya mbuga juu ya karta, wakati ndani mule kulikuwa tayari watu wenye bunduki ambao hawakuitambua Leta yenyewe. Mtu akitaka kuelewa kwa nini wanyama wa Maiko wamebaki mpaka leo, na tena kwa nini wanaendelea kuisha, aanzie hapo.

Katikati ya barabara mbili

Mkaaji wa Kisangani anaweza kuelewa Maiko iko wapi bila hata kufungua karta. Kuna barabara mbili kubwa zinazotoka mjini kuelekea mashariki. RN4 inapita Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa mpaka Beni. RN3 inashuka Lubutu, inaendelea Walikale mpaka Bukavu. Lile pori lililo katikati ya barabara hizo mbili, njo Maiko. Ukubwa wake unakaribia kilomita za mraba 10,800, na majimbo matatu yanaigawana: Tshopo, Maniema na Kivu ya Kaskazini. Mashariki ardhi inapanda vilima kuelekea milima ya Lubero. Magharibi inateremka polepole kwenye bonde la Lualaba.

Hakuna barabara ya gari inayoikata katikati. Kuingia ni kwa miguu, siku nyingi, kwa vijia vya wawindaji na vya wachimbaji wa dhahabu, ukivuka mito juu ya mti ulioanguka. Hapo njo siri ya kwanza ya wanyama wake: umbali.

Pori hili halijawahi kuwa tupu. Ni inchi ya Wakumu tangu zamani, na pembeni kuna Walombi, Wapere na wengine. Wakumu walijua kulitumia pori kama ngome hata mbele ya Simba. Mwaka wa 1944, wakati wakoloni walikuwa wanawalazimisha watu kutafuta mpira wa pori kwa ajili ya vita ya Ulaya, watu wa Kitawala waliinuka kati ya Masisi na Lubutu, wakiongozwa na Bushiri. Uasi ulikandamizwa vikali. Miaka mitano tu nyuma ya pale, mwaka wa 1949, utawala wa kikoloni ulifanya sehemu ya inchi ile kuwa hifadhi ya uwindaji, ikaitwa kwa jina la Wakumu wenyewe. Wenyeji walichukuliwa jina, hawakuulizwa neno. Parke ya 1970 ilikuja juu ya historia hiyo, na haikuanza upya.

Wanyama watatu wa hapa kwetu

Maiko ina tembo wa pori, sokwe, chui na nyani wa kila aina. Lakini kinachoipa uzito ni wanyama watatu ambao duniani kote hawapatikani kwenye pori lingine isipokuwa la Kongo, na mule Maiko wanaishi wote watatu pamoja: okapi, gorila wa mashariki wa bonde, na tausi wa Kongo.

Okapi kila mtu anamjua, hata yule asiyemwona: yuko kwenye alama ya ICCN, shirika la Leta linalolinda mbuga, na Redio Okapi imebeba jina lake tangu 2002. Watu wa pori walimjua toka mababu. Wazungu, wao, walimpatia jina la kisayansi mwaka wa 1901 tu, nyuma ya Mwingereza Harry Johnston kupata vipande viwili vya ngozi yenye mistari ambavyo askari walikuwa wamevitengenezea mikanda. Mwanzoni walidhani ni aina ya punda milia. Kumbe ni ndugu wa twiga.

Hadithi ya tausi inapita hiyo. Mwaka wa 1913 mtafiti wa Kimarekani James Chapin, aliyekuwa anatembea Kongo kwa ajili ya makumbusho ya New York, aliona unyoya mmoja kwenye kofia ya mwenyeji kule Avakubi, kwenye mto Ituri. Hakujua ni wa ndege gani. Akauweka. Miaka 23 ilipita. Mwaka wa 1936, ndani ya makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamesukumwa pembeni, karatasi yao ikisema ni tausi wadogo wa India. Unyoya ulikuwa wao. Tausi wote wengine wanaojulikana wako Asia. Huyu peke yake ni wa Afrika, na ni wa misitu yetu. Kule Lubutu ama Opienge mtoto yeyote wa mwindaji angemwambia Chapin hilo mapema zaidi, kama angeulizwa.

Gorila wa mashariki wa bonde njo mwenye hatari kubwa kuliko wenzake. Hesabu iliyotolewa mwaka wa 2016 ilisema kwamba kutoka gorila karibu 16,900 katikati ya miaka ya 1990, wamebaki karibu 3,800. Mwaka huohuo waliandikwa kwenye orodha ya wanyama walio karibu kabisa na kutoweka. Mwaka wa 2021 hesabu mpya ikatoa namba 6,800. Wengi walifurahi wakidhani gorila wamezaliana. Si hivyo. Watafiti waliweza kufika sehemu nyingi zaidi ambazo mbele hazikufikika juu ya vita, basi wakahesabu wengi zaidi.

Hesabu yenyewe inafanyika namna gani? Hakuna anayewasimamisha gorila kwenye mstari. Kila jioni gorila anakunja majani na matawi, anatengeneza kitanda kipya cha kulala, na asubuhi anakiacha. Wahesabuji wanatembea kwenye mistari iliyonyooka ndani ya pori, wanahesabu vitanda, wanaangalia mavi na umri wa majani yaliyokunjwa, halafu wanapiga hesabu ya wenyewe. Kwa okapi wanatafuta mavi na alama za kwato, ama wanafunga kwenye miti kamera ndogo zinazojipiga zenyewe mnyama akipita. Ni kazi ya viatu vilivyolowa na unga wa muhogo mgongoni.

Kwa Maiko, kazi kubwa ya kwanza ya namna hiyo ilifanywa kati ya 1989 na 1992 na John Hart pamoja na Mkongomani Sikubwabo. Walikuta wanyama wote watatu wapo. Walikuta pia kambi za wachimbaji ndani ya mipaka. Tangu hapo mashirika kama lile la Dian Fossey na Fauna & Flora yamerudi mara kwa mara na ICCN, lakini kila mara ilibidi kwanza kuzungumza na Simba, juu njia ni yao.

Simba walilinda ama waliharibu?

Ukiuliza swali hilo Lubutu utapata majibu mawili, na yote mawili yana ukweli. Kwa miaka mingi bunduki za Simba ziliwafukuza wageni. Makampuni ya mbao hayakuthubutu kuingia. Hakuna shamba kubwa lililofunguliwa katikati ya pori, hakuna barabara iliyopasuliwa. Miti imesimama.

Lakini watu walio porini miaka nenda rudi wanakula, wananunua risasi, chumvi na dawa. Hela ya kununua hivyo ilitoka kwenye dhahabu, kwenye pembe za tembo na kwenye nyama. Halafu zikaja vita vya 1996 na 1998, kila kundi likipita na silaha zake. Coltan ilipopanda bei ghafla mwaka wa 2000, kare mpya za madini zilifunguka kila upande wa Kivu mpaka Maniema. Bunduki ya kalibri 12 ikapata mwenzake, ile ya kivita. Pori likabaki limesimama, lakini limenyamaza: miti iko, wanyama wakubwa hawapo.

Hapa inafaa kutenganisha majina, maana wengi wanachanganya. Kundi lililoshambulia Epulu, kwenye hifadhi ya okapi, tarehe 24 Juni 2012, liliitwa pia Mai-Mai Simba, na kiongozi wake alikuwa Paul Sadala, aliyejulikana kama Morgan. Watu waliuawa, walinzi wakiwa kati yao, na okapi 14 waliokuwa wanatunzwa kwenye kituo wakamalizwa. Morgan aliuawa mwaka wa 2014. Kundi lake na wazee wa Maiko waliotoka Stanleyville hawakuwa kitu kimoja, hata kama jina ni lilelile. Kumwita kila mwenye silaha wa upande wa Bafwasende “Simba” kumeharibu mazungumzo mengi.

Jambo la mbuga kuangukia mikononi mwa waasi halikutokea kwetu tu. Kule Niger, katikati ya jangwa la Sahara, kuna milima ya Aïr na mchanga wa Ténéré, ambavyo vilifanywa hifadhi mwaka wa 1988: zaidi ya kilomita za mraba 77,000, yaani zaidi ya Maiko mara saba. Hakuna pori pale. Ni mawe, mchanga na mabonde yenye maji kidogo, pamoja na swala na kondoo wa mwitu wa milimani. UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka wa 1991. Mwaka mmoja tu baadaye uasi wa Watuareg ulisimamisha kazi ya walinzi, na hifadhi ikapelekwa kwenye orodha ya maeneo yaliyo hatarini. Mbuni wa pale wakaisha. Jangwa halikuwalinda, hata kama linaonekana halina watu. Na kama huku, wale walioshika bunduki walikuwa na mashitaka yao juu ya ardhi, ambayo mpaka wa mbuga haukuyajibu.

Tofauti moja ni hii: Aïr na Ténéré ina jina kubwa, basi kelele ilisikika. Kongo ina mbuga tano kwenye orodha ya UNESCO: Virunga, Garamba, Kahuzi-Biega, Salonga na hifadhi ya okapi. Maiko haimo. Hela za wafadhili zinafuata orodha, na watalii wanafuata barabara. Maiko haina orodha wala barabara, kwa hiyo walinzi wake ni wachache, wanazunguka pembeni, na mishahara yao inajulikana.

Mpaka kwenye chungu

Mtu wa Mangobo ama Kabondo anaweza kusema mambo ya Maiko hayamuhusu. Aangalie soko. Nyama ya pori inaingia Kisangani kila siku, kwa toleka, kwa moto, juu ya malori ya mpunga na makala, mbichi ama ya kukaushwa na moshi. Si yote inatoka Maiko, hapana. Nyingi inatoka pori la karibu, pembeni mwa barabara za Ubundu, Buta, Ituri na Lubutu. Lakini mwindaji wa karibu akikosa, anasogea. Uchunguzi wa masoko ya Kisangani uliotolewa mwaka wa 2012, ambao watafiti wa Université de Kisangani walishiriki, ulionyesha kwamba nyama ya pori sokoni iliongezeka kati ya 2002 na 2009, na kwamba sehemu kubwa ni wanyama wadogo: mboloko, panya wa pori na makako.

Wanyama wadogo kujaa sokoni kuna maana mbili. Moja, wanazaa haraka. Mboloko anaweza kuzaa kila mwaka, na anaishi hata kwenye mashamba yaliyoachwa. Ya pili ni mbaya: wakubwa wameshaisha kando ya barabara. Okapi anabeba mimba karibu miezi 14 na anazaa mtoto mmoja. Gorila jike anaanza kuzaa akiwa na miaka karibu kumi, halafu anakaa miaka karibu minne mbele ya mtoto mwingine. Kamba ya chuma iliyotegwa kwa ajili ya mboloko haichagui mguu. Gorila anaivunja kwa nguvu, anaondoka nayo mkononi, mkono unaoza. Kijiji kinaweza kula mboloko miaka mingi. Familia ya gorila ikipoteza majike wawili, inahitaji miaka kama kumi kurudi ilipokuwa.

Ndani ya kare hesabu ni ya namna nyingine. Mchimbaji yuko siku tatu, nne kutoka barabarani. Kila kilo ya maharagi ama samaki wa chumvi inabebwa mgongoni, na anayebeba analipwa. Nyama iliyouawa palepale inakuwa rahisi kuliko maharagi. PDG wa shimo hawezi kulisha vijana bila hiyo. Kwa hiyo kila kare inayofunguliwa ndani ya parke inazaa wawindaji wake, na nyama inayobaki inakaushwa, inashuka pamoja na dhahabu. Kusema “watu wale waache kuua wanyama” bila kugusa dhahabu ni kupoteza mate.

Na tembo akiisha, hata miti inaumia. Kuna matunda ya pori yenye mbegu kubwa ambazo mnyama mwingine hawezi kumeza. Tembo anayameza, anatembea kilomita nyingi, anaangusha mbegu na mbolea yake. Pale alipokosekana, mbegu zinaozea chini ya mama yao.

Sheria, na wale ambao haikuwafikiria

Sheria si kwamba haiko. Ile ya uwindaji ni ya tarehe 28 Mei 1982. Ya kulinda viumbe ni namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Kwa maneno ya kawaida: ndani ya parke hakuna kuwinda wala kuchimba madini, kwa mtu yeyote. Nje ya parke, okapi, gorila, sokwe na tembo hawaguswi mahali popote, msimu wowote. Mboloko na panya wa pori wanaweza kuwindwa, lakini kwa kibali na wakati uwindaji haujafungwa. Mama anayeuza mboloko na yule anayeuza mkono wa sokwe hawako kwenye kosa moja, hata kama askari wa barrière anawadai wote wawili franka zilezile.

Kuna pia njia iliyojaribiwa na wenyeji wenyewe. Upande wa Lubero na Walikale, machifu wa Batangi na Bamate walitenga misitu yao kwa ajili ya gorila, wakaanzisha Tayna. Leta iliitambua kama hifadhi mwaka wa 2006, pamoja na ya Kisimba-Ikobo. Jumuiya nyingine ziliwafuata ndani ya muungano unaoitwa UGADEC, kwa wazo la kuunganisha misitu kati ya Maiko na Kahuzi-Biega, gorila wapate kupita. Makundi ya silaha yamewasumbua sana, na hela hazikuja vile zilivyoahidiwa. Lakini pale chifu ndiye aliyeonyesha mpaka uko wapi, kwa mguu, na watu wanaujua.

Kwa vijiji vya pembeni ya Maiko kuna karatasi nyingine: dekre namba 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 juu ya misitu ya jumuiya. Jumuiya inaweza kuomba msitu wake wa kimila mpaka hektari 50,000, bila kuununua, na haki hiyo haina mwisho wa miaka. Viongozi wa kimila na familia wanapatana juu ya mipaka, karta inachorwa pamoja na majirani, ombi linapanda, na gavana wa jimbo njo anasaini. Jumuiya ndiyo itaamua wapi kulima, wapi kuwinda, wapi kuacha. Lakini msitu huo hauwezi kuombwa ndani ya parke. Kijiji kilicho nje ya mpaka wa 1970 kinaweza kuandika ombi lake kesho. Mjukuu wa Simba aliyezaliwa ndani, au Mkumu ambaye makaburi ya wazee wake yako ng'ambo ya mpaka huo, ombi lake halina pa kuandikiwa.